Mwana wa Mwami na Watu wa Ziwani

Wenzangu hapa Kabonga wakisimulia habari za uhuru wa Burundi huanzia tarehe 1 Julai 1962, siku ya bendera na ngoma. Mimi huanzia kwenye uchaguzi wa Septemba 1961 na miaka michache iliyoutangulia, kwa sababu watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika wana sehemu yao humo, na sehemu hiyo inasahaulika.

Nilikuwa kijana, nikimsaidia mjomba kupeleka ndagala wakavu Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Tulifikia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na huko ndiko nilikomwona Louis Rwagasore, mtoto mkubwa wa mfalme wetu, Mwami Mwambutsa. Alikuwa akipita kati ya wachuuzi, akiwapa mkono mmoja mmoja. Mjomba alifuta kiganja kwenye kanzu mara mbili, kikabaki na vumbi la ndagala, akakitoa hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kuinamisha uso mbele ya wakubwa, siku ile alimtazama mkubwa machoni.

Nchi yetu ni ndogo, ya wakulima, na enzi hizo mkubwa alitazamwa kwa mbali: Muganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, padri, bwana wa Kibelgiji. Rwagasore alisoma Ubelgiji, na damu yake ilikuwa ya ikulu; angeweza kukaa huko huko. Mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Madeni yaliuelemea na serikali ya kikoloni ikauingilia, lakini wachuuzi wa Buyenzi walikuwa wameshamjua ni mtu wa namna gani. Chama chake, UPRONA, kilipohitaji miguu na midomo, wao ndio waliojitolea. Habari zilishuka na mitumbwi hadi Rumonge, Nyanza-Lac na hapa kwetu. Ng'ambo, Tanganyika, TANU ya Nyerere ilikuwa ikikiunga mkono chama hicho, na sisi tuliokuwa na ndugu Kagunga na Kigoma hatukuona ajabu yoyote katika hilo.

Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimzuilia Rwagasore huko Bururi wakati wa uchaguzi wa komuni, na wapinzani wake wakashinda. Tarehe 18 Septemba 1961, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakiwapo, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Mjomba alirudi kutoka kupiga kura akitembea kama bwana harusi.

Haikupita hata mwezi mmoja. Usiku wa tarehe 13 Oktoba Rwagasore, waziri mkuu mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi akila chakula kando ya ziwa Usumbura. Habari ilipotufikia, watu walikuwa wakiuliza nani kafyatua. Mjomba alisema, "Ulizeni nani kamtuma." Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, aliyeuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Ntidendereza na Birori, watoto wa chifu Baranyanka, waliohukumiwa kwa kupanga mauaji hayo, walinyongwa Gitega Januari 1963 pamoja na wenzao.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa koo mbili za Baganwa, Wabezi wa Rwagasore na Watare wa Baranyanka. Ugomvi ulikuwepo, sikatai. Lakini koo hizo mbili peke yake zisingejaza masanduku ya kura. Wachuuzi walichanga, wanawake wa Buyenzi walihamasisha, mabaharia walibeba ujumbe, na sioni majina yao popote.

Sababu moja ni 1972. Aprili 29 machafuko yalianzia mwambao huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha kisasi cha jeshi kikaenea nchi nzima. Wengi waliouawa ndio waliokuwa na kumbukumbu. Waliopona walivuka kwenda Kigoma, wengine wakazeekea kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na Katumba. Mjomba alizikwa Ujiji.

Kila tarehe 13 Oktoba viongozi huweka mashada kwenye kaburi la Rwagasore, Vugizo. Wazee wachache wa Buyenzi na wa mwambao bado wako hai. Waitwe nao, wapewe kipaza sauti kabla ya mawaziri, na maneno yao yaandikwe mwaka huu, wasije wakatutoka.