Lenye Kelele na Lenye Uzito

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa sekondari. Asubuhi nafundisha Historia na Elimu ya Dini ya Kiislamu, jioni nasomesha watoto madrasa, na huu ni mwaka wa nne nikiwa katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu. Siyataji haya kwa kujisifu. Nayataja kwa sababu kwa muda mrefu niliyafanya kuwa udhuru wangu, na udhuru huo ndio ninaotaka kuusimulia leo.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, muhula wa pili, nami nilikuwa mwalimu wa zamu. Alama za mtihani wa majaribio zilitakiwa ofisi ya taaluma kabla ya saa sita mchana. Muhtasari wa kikao cha kamati ulitakiwa uwe tayari kwa Ijumaa. Simu nayo haikunyamaza, kwani fundi wa pampu ya maji ya udhu alikuwa msikitini akingoja fedha za vifaa. Katikati ya hayo, kijana mmoja wa kidato cha pili akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba dakika tano tu."

Sikuinua macho. "Marahaba. Njoo kesho."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nami nilitoka mbio kuwahi msikitini kutandika mikeka na kupanga matangazo. Jumatatu alikuja tena, nikamwambia anisubiri baada ya vipindi. Vipindi vilipokwisha nikaitwa kikaoni, nikamsahau. Jumatano nilimwona kwa mbali akinitazama, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimeshikika. Hakuja tena. Wiki iliyofuata nilipoita mahudhurio, jina lake lilijibiwa na kimya.

Zilipita wiki tatu kabla sijaujua ukweli. Baba yake alikuwa ameugua na kulala kitandani, na ami yake akaamua kwamba kijana aache shule aende mkoa wa mbali kusaidia katika duka la jamaa yao. Kijana alitaka jambo moja tu kwangu: nifuatane naye hadi kwa ami yake nikamwombee abakishwe shuleni. Ami huyo husali safu ya pili katika msikiti ule ule ambao mimi ni katibu wake, na kila Ijumaa hunipa mkono. Nilipokwenda hatimaye, mazungumzo yetu hayakumaliza hata kikombe kimoja cha chai. "Mwalimu, ungekuja mapema," aliniambia kwa upole, "tungeshauriana." Lakini kijana alikwisha kusafiri. Upimaji wa Kidato cha Pili ulifanyika yeye akiwa hayupo, na aliporudi mwezi wa Januari ilimlazimu kurudia darasa. Dakika tano nilizomnyima zilimgharimu mwaka.

Na zile alama nilizokuwa nikizikimbilia siku ile? Nilizifikisha kabla ya saa sita, kama ilivyotakiwa. Jumanne ya wiki iliyofuata nilizikuta palepale mezani nilipoziweka, bahasha haijafunguliwa.

Si kwamba sikufundishwa. Katika semina moja ya walimu tulichorewa mraba wenye vyumba vinne: jambo la haraka lenye umuhimu, jambo muhimu lisilo la haraka, jambo la haraka lisilo na umuhimu, na jambo lisilo na hili wala lile. Mpango huo hunasibishwa na Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1953 hadi 1961, na ulienea zaidi kwa kitabu cha Stephen Covey kilichotoka mwaka 1989. Niliunakili vizuri katika daftari, nikalifunga daftari, nikarudi kwenye mbio zangu. Tatizo langu halikuwa kutoujua mraba. Tatizo lilikuwa kwamba kila chenye kelele nilikiingiza katika chumba cha kwanza.

Nikiwa na uzito huo moyoni nilimwendea sheikh aliyenisomesha tangu utotoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Katibu, umesahau kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum?"

Sikuwa nimekisahau; nimekifundisha mara nyingi. Mtume (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah, mtu asiyeona, akiomba afundishwe. Mtume akakunja uso na kuendelea na wale wakubwa, na hapo zikateremka aya za mwanzo za Surat Abasa zikimzindua. Baada ya hapo Mtume alimkirimu Abdullah daima. Alimfanya mwadhini wa Madina pamoja na Bilal, na mara kadhaa aliposafiri alimwachia mji.

"Tazama vizuri," sheikh akasema. "Mtume hakuwa katika upuuzi. Alikuwa katika kazi ya Mola wake. Kwa hiyo usiniambie kwamba nawe ulikuwa katika kazi ya msikiti. Shughuli njema nayo yaweza kumziba mtu asimwone aliyemjia na haja."

Sithubutu kulinganisha upungufu wangu na hali ya Mtume wa Allah. Lakini maneno yale yaliniingia, kwa sababu udhuru nilioutegemea miaka yote ulianguka mbele yangu. Nilidhani kwamba madhali sipotezi muda barazani basi sina deni.

Kisha sheikh akanirudisha kwenye somo la Usul al-Fiqh, nililolipasi chuoni kwa alama nzuri na kulisahau maishani. Wanazuoni wameigawa wajibu kwa upande wa wakati. Kuna wajibu wenye wakati mpana, kama swala ya Adhuhuri, ambayo huchukua dakika chache ndani ya saa kadhaa. Na kuna wajibu wenye wakati finyu, kama funga ya Ramadhani, ambayo hujaza mchana wote pasibaki nafasi ya funga nyingine. Lakini ule wajibu mpana haubaki mpana milele. Mwenye kulipa funga za Ramadhani ana takriban miezi kumi na moja mbele yake. Ni wangapi miongoni mwetu tunaojikuta mwishoni mwa Shaaban tukihesabu siku kwa vidole?

"Malezi, elimu, kuwatazama wazazi, kumsikiliza mwanafunzi," alisema, "yote haya huja yamevaa nguo za wakati mpana. Hayapigi simu. Hayana tarehe ya mwisho iliyoandikwa ubaoni. Utajua kwamba wakati wake ulikuwa finyu siku utakapokuwa umetoka."

Nikamuuliza, "Sasa sheikh, nitayatambuaje mapema?"

Akanikumbusha kauli inayopokewa kutoka kwa Hatim al-Asamm, kwamba haraka hulaumiwa ila katika mambo matano: kumkirimu mgeni kwa chakula, kumzika maiti, kumwoza binti aliyefikia wakati, kulipa deni, na kutubia dhambi. "Yazingatie," akasema. "Katika kila moja kuna haki inayosubiri. Basi jambo likikuita, usiulize linaita kwa sauti gani. Uliza ni haki ya nani itakayopotea ukichelewa."

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, nao ni mdogo tu. Baada ya swala ya Alfajiri, kabla sijaiwasha simu, nafungua daftari na kuandika mambo ya siku hiyo, na mbele ya kila moja naandika mwenye haki. Msiba wa jirani, mwanafunzi anayeumwa, karatasi ya mtihani yenye kosa inayosubiriwa na wanafunzi mia: haya yana kelele na yana haki, huyafanya kwanza. Fundi wa pampu nimemkabidhi kwa mweka hazina, ambaye kwa hakika anajua bei za vifaa kuliko mimi. Simu za kamati nazipokea baada ya Adhuhuri na baada ya Isha. Jumbe zinazozungushwa kwenye makundi ya simu naziacha zizunguke.

Yale yenye uzito yasiyo na kelele nimeyafunga kwenye nyakati za swala, kwa kuwa nimejifunza kwamba jambo lisilopewa saa yake humezwa na lenye makelele. Jumatatu na Jumatano, kati ya mwisho wa vipindi na swala ya Alasiri, nakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini uliopo nyuma ya madarasa, bila daftari la kusahihisha wala simu, na mwanafunzi yeyote anaweza kuja. Baina ya Magharibi na Isha ni wakati wa watoto wangu wa kuwazaa. Hili la mwisho mke wangu ndiye aliyenizindua. Nilipomsimulia habari ya kijana yule, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu, na huyu wa kwako je? Watoto arubaini unawasomesha jioni, na binti yako Juzuu Amma anafundishwa na bibi yake." Sikuwa na jibu.

Utaratibu huu una gharama zake. Mzee mmoja alilalamika kikaoni kwamba katibu siku hizi hapatikani kwa simu, na ana haki ya kulalamika, maana kazi ya msikiti ni amana niliyoikubali kwa hiari yangu. Alama za wanafunzi nazo ni haki yao, wala sisemi mwalimu azidharau kwa kisingizio cha kushughulikia makubwa. Zipo pia siku ambazo benchi langu hubaki tupu kwa sababu nimeshindwa mwenyewe kufika. Lakini siku hizo sasa nazijua na naziandika, ilhali zamani zilipita zikiwa nyingi nami nikijiona mchapakazi.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa ofisini na rundo la madaftari, nilisikia sauti mlangoni. Alikuwa ni yeye yule, sasa yuko kidato cha tatu, amerefuka na sauti imekuwa nzito.

"Shikamoo mwalimu. Naomba dakika tano."

Niliweka kalamu chini, nikamvutia kiti. Alikuwa anataka kuazima kitabu cha Historia tu. Nilimpa, kisha nikamuuliza hali ya baba yake. Akatabasamu, akasema ameanza kutembea hadi msikitini kwa fimbo, na kwamba ami yake humshika mkono.

Wabillahi tawfiq.