Gemu la zamani kwenye simu, na mjomba aliyesema ngoma inachelewa

Wiki iliyopita niliweka picha ya simu yangu ikicheza gemu la PSP, basi maswali yakamiminika. "Dada hiyo simu bei gani?" "Mbona yangu inakwaruza sauti?" "Umeweka filta gani?" Nimeona nijibu wote hapa kwa mpigo, maana simu yenyewe ni ya kawaida tu. Ila jibu langu lina mtu ndani yake, msipomjua yeye hamtaelewa kwa nini nimeipanga nilivyoipanga.

Kwa wasiofahamu: emuleta ni programu inayoifanya simu ijifanye mashine nyingine. Mimi natumia PPSSPP, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Msweden anaitwa Henrik Rydgård. Ni ya bure na haiji na magemu, unaweka ya kwako. Ya kwangu niliyatoa kwenye diski zangu za PSP niliyoinunua 2009 kwa dada aliyekuwa akileta mizigo kutoka Dubai. Mashine ilikuja kufa, betri likavimba hadi kifuniko kikainuka, lakini magemu yalikuwa yameshahifadhiwa kwenye kompyuta.

Sasa huyo mtu. Ni kaka wa marehemu mama, ana miaka 71, amekuja kukaa kwangu tangu mwaka jana. Miaka ya 70 na 80 alikuwa mpiga tumba kwenye bendi za dansi hapa Dar. Jina silitaji, hapendi, na wanaomjua watajua. Ana presha ya macho. Ugonjwa huu unakula pembeni kwanza, unabaki unaona katikati kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Tangu siku ile mjomba aliacha kutoka. Kiti, redio, kulala. Ukimuuliza kama anataka kitu anasema, "Niko sawa mjomba, endelea na shughuli zako." Kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana mjomba, msichanganyikiwe.

Jioni moja mwanangu wa miaka 11 alikuwa sebuleni anacheza Patapon. Simu ilikuwa imepangwa na kaka mmoja wa mtaani mwenye sifa ya kujua magemu: picha kafikisha kiwango cha juu kabisa, filta za kulainisha kawasha zote, sauti kairusha kwenye spika ya Bluetooth, mlio wa kutosha hadi kwa jirani. Mtoto anapiga, anakosea. Anaanza upya, anakosea. Kutoka kwenye kiti chake mjomba akasema, "Huyo kijana anapiga vizuri. Ngoma yake ndo inachelewa."

Mimi nikamwambia mjomba ni gemu tu. Akasema, "Najua ni gemu. Inachelewa."

Patapon, kwa ambao hamjaicheza, ilitoka Japani Desemba 2007. Una kajeshi ka viumbe vya duara vyenye jicho moja, na hukaongozi kwa kusukuma mshale. Unakaongoza kwa ngoma nne: kitufe cha mraba ni Pata, cha duara ni Pon, pembetatu ni Chaka, na X ni Don. Pata-Pata-Pata-Pon, jeshi linatembea. Pon-Pon-Pata-Pon, linashambulia. Unapiga mapigo manne, unanyamaza, wao wanaitikia mapigo manne, halafu ndo unapiga tena. Pigo moja ni kama nusu sekunde. Ukitoka nje ya mdundo jeshi linababaika, linapigwa.

Sasa spika na hedifoni nyingi za Bluetooth zinachelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250 hivi. Ukiangalia filamu huoni tatizo, programu nyingi za video zinasubirisha picha ifuate sauti. Gemu haiwezi kusubiri. Robo sekunde kwenye pigo la nusu sekunde ni nusu nzima ya pigo! Mtoto anafuata ngoma anayoisikia, na anayoisikia imeshapita. Gemu linamhukumu kwa ngoma ya ndani ambayo yeye hajaisikia bado. Mwaka 2017 gemu hili lilipotolewa upya kwa PS4 wachezaji wengi walilalamikia jambo lilelile la kuchelewa, na wale walikuwa na mashine mpya na televisheni za maana.

Kwa hiyo cha kwanza, wadau, kabla hujagusa kitu chochote cha picha: waya. Hedifoni za waya, au spika ya waya. Simu yangu haina tundu la hedifoni, nilinunua kile kiungio kidogo cha Type-C. Nikachomeka, nikampa mtoto. Alipita hatua ile mara ya kwanza. Mjomba hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, kile kichwa cha "si nilisema".

Lakini baada ya dakika ishirini hivi sauti ikaanza kukwaruza, krrr, krrr, kama redio ya betri zilizochoka. Na hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanakimbilia mipangilio ya sauti wakati ugonjwa uko kwenye picha.

Ngoja nieleze kwa mfano wa maji. Emuleta inatengeneza sauti kidogokidogo, inaimwaga kwenye tenki, na spika inachota kwenye tenki hilo bila kupumzika, sampuli 44,100 kila sekunde. Simu ikizidiwa na kazi, tenki linakauka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ukavu huo ndo krrr unayoisikia. Unaweza kuongeza ukubwa wa tenki, ila maji mapya yatasubiri nyuma ya yale ya zamani, na ngoma itaanza kuchelewa tena. Tenki la sampuli 2,048 peke yake ni milisekunde 46. Dawa siyo tenki kubwa. Dawa ni kuipunguzia simu kazi ili tenki lisikauke.

Na kazi kubwa ya simu iko wapi? Kwenye picha. Kioo cha PSP kilikuwa na pikseli 480 kwa 272, basi. Ukiweka mara 2 kwenye PPSSPP, simu inachora pikseli mara 4. Ukiweka mara 5, inachora mara 25. Simu ya kawaida itajitahidi mwanzoni, utaona mambo safi, halafu inapata moto, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na sauti inaanza kukatika. Ndiyo maana mtu anasema "mbona mwanzoni ilikuwa poa?" Ilikuwa poa kwa sababu ilikuwa baridi. Washa kile kipimo cha kasi kinachoonekana pembeni ya kioo. Kikishuka chini ya asilimia 100, usilaumu spika.

Nikashusha hadi mara 2. Nikazima filta zote za kuzidisha picha, ambazo nazo zinakula nguvu. Nikazima na hali ya kuokoa chaji, maana inaibana simu makusudi. Kuna sehemu nyingine inayoiruhusu simu kuweka picha kwenye foleni mapema, inaongeza kasi kidogo lakini vitufe vinachelewa kuitikia, hiyo nayo nikaipeleka chini kabisa. Kukwaruza kukaisha. Dakika arobaini, saa nzima, safi.

Mwanangu akanuna. "Mama umeharibu picha." Kusema kweli, kwa gemu lake la mpira alikuwa na haki. Magemu yenye watu wa 3D yanafaidika sana ukiongeza pikseli, kingo za mabega na magoli zinanyooka. Mabango na nyuso za mashabiki zinabaki zilezile lakini, kwa sababu ni picha zilizochorwa ndogo tangu mwanzo, hakuna namba itakayoziongezea kilichokuwa hakimo. Tukapatana hivi: bonyeza jina la gemu kwa muda mrefu, utaona sehemu ya kulitengenezea gemu hilo mipangilio yake peke yake. Mpira wake uko mara 4, auchezapo mchana feni iko karibu. Patapon iko mara 2 na haiguswi.

Haiguswi kwa sababu Patapon sasa ni ya mjomba.

Ilianza kwa kumrekebisha mtoto. Mtoto alikuwa na tabia ya kupiga juu ya kiitikio, jeshi linaimba na yeye anapiga. Mjomba alikereka kabisa. "Subiri waitikie! Hata ngomani hupigi kabla watu hawajaitikia." Mtoto akamwambia, "Basi piga wewe babu." Akampa simu.

Vidole vyake vikateleza. Vitufe vya kuchorwa kwenye kioo havina mwinuko, na mtu asiyeona pembeni hajui kidole chake kiko wapi. Nikamtafutia pedi ya waya inayochomekwa kwenye simu, ya bei ya kawaida Kariakoo, mitumba. Sauti ikatoka kwenye spika ya simu yenyewe, si kubwa ila haichelewi. Hakuishika pedi kama sisi. Aliilaza kwenye mapaja, akavipiga vile vitufe vinne kwa ncha za vidole, mikono miwili, kutoka juu. Mara ya tatu jeshi likaanza kuimba kwa nguvu, ile hali ya kupandwa na mzuka inayokuja ukishikilia mdundo bila kuteleza. Akacheka. Nilikuwa jikoni, nikazima jiko nikaja kuangalia nani anacheka.

Hapo ndo nikaanza kuishughulikia picha kwa ajili ya macho yake, na mambo yote ya "picha kali" yakageuka. Mwanangu alishauri tuiunganishe na televisheni ya inchi 43 ili babu aone vizuri. Wazo zuri, tukajaribu. Mjomba akapotea kabisa. Mtu anayeona katikati tu ukimpa kioo kikubwa unampa sehemu nyingi zaidi za kutoona. Isitoshe televisheni nyingi zinaichakata picha kabla ya kuionyesha, ngoma ikachelewa tena hadi tulipotafuta hali ya gemu kwenye mipangilio yake. Gemu hili lina fremu pembeni mwa kioo inayowaka kwa kufuata mdundo, na hiyo fremu kwenye televisheni hakuiona hata mara moja. Kwenye simu, akiishika kwa umbali wa mkono, fremu yote inaingia ndani ya bomba lake.

Kwa hiyo mjomba amebaki na kioo kidogo. Mwanga nimeuweka juu kabisa, ile rangi ya njano ya usiku nimeizima. Picha sijaivuta ijaze kioo, acha weusi ubaki pande mbili, ukiivuta viumbe vinakuwa bapa na yeye anavitambua kwa umbo. Wamechorwa kama vivuli vyeusi kwenye anga la rangi kali, na mchoraji wa Kifaransa, Rolito. Nadhani ndiyo maana mjomba anawaona: weusi juu ya mwanga, jicho moja kubwa. Filta za kulainisha zinaufifisha mpaka huo. Kwake yeye kingo za mchongomchongo ni nzuri kuliko kingo za ukungu.

Saa mbili usiku anawekewa matone, anafumba macho dakika chache, halafu anauliza, "Ile ngoma iko wapi?" Zamani nilikuwa nabishana naye kuhusu matone. Siku hizi akiona nachelewa ananiita yeye.

Juzi nilimkuta anacheza amefumba macho. Nikadhani dawa inamuwasha. Akasema hapana. Nikauliza, sasa mbona umefumba?

"Najizoesha, mjomba."

Sikupata la kusema. Nikakaa pale kwenye mkono wa kiti. Jeshi lake lilikuwa linatembea kulia, linaimba, yeye anajibu. Alipigwa na adui mmoja ambaye hatoi sauti kabla hajashambulia, akaguna, akaanza upya. Anasema karibu maadui wote wana mlio wao, ni kuwajua mmojammoja. Huyo mmoja tu bado anamsumbua.

Haya, kwa wale wa inbox: waya kwanza, pikseli mara 2 au 3, filta zima, angalia kipimo cha kasi. Na mimi nina swali kwenu. Kiungio changu cha Type-C kimelegea, ukikitikisa sauti inahamia spika ya simu, na mjomba anataka hedifoni usiku ili asituamshe. Nani anajua kile kinachochajisha simu na kutoa sauti ya waya kwa wakati mmoja, kinachodumu? Nilivyonunua viwili havikufika mwezi. Niandikieni na bei tafadhali, na kama ni Kariakoo mniambie mtaa.