Visiwa vya Polinezia na mashimo ya Makatea

Leo tunatembea mbali sana, mu Bahari ya Pasifiki. Fungueni karte ya dunia, mutafute Australia, kisha mwende na kidole upande wa mashariki. Mutaona alama ndogondogo, sawasawa chumvi iliyomwangika juu ya meza. Ile njo Polinezia ya Ufaransa: visiwa zaidi ya 100, vyenye kutawanyika katika bahari yenye upana karibu sawa na Ulaya ya Magharibi. Wageni wanafika kule kutoka inchi nyingi kwa kutazama uzuri wake. Sisi tutapita kisiwa kwa kisiwa, na mwisho tutafika kwa kimoja ambacho watu wa miji ya migodi watakielewa haraka kuliko wengine.

Tahiti na Moorea: milima ya moto

Tunaanzia Tahiti, fasi ndege kubwa zinatua, karibu na muji wa Papeete. Kisiwa hiki kilizaliwa na mulima wa moto, kama ile ya Goma, lakini moto wake ulizimika zamani sana. Kilele chake, Orohena, kinapanda mita 2 241. Mvua ni mingi, na maji yanashuka kila upande: pale Faarumai utaona maporomoko matatu ndani ya pori. Kando ya bahari, usishangae kuona muchanga mweusi. Unatoka katika mawe ya ule moto.

Moorea iko kilometa 17 tu, kama nusu saa kwa mashua. Upande wa kaskazini bahari inaingia ndani ya kisiwa mara mbili, kwa Opunohu na kwa Paopao, na milima yenye ncha kali inasimama juu ya maji. Huku mabondeni watu wanalima mananasi.

Bora Bora na Rangiroa: mulima unaozama

Bora Bora ni kisiwa ambacho picha zake zinajulikana zaidi. Katikati kuko mulima Otemanu, mita 727. Kuuzunguka kuko lagoni, maji matulivu ya rangi ya buluu na kijani, na nje yake ukuta wa korali ambao mawimbi yanapigana nao muchana na usiku. Korali ni nini? Ni wanyama wadogo sana wa baharini. Wanajenga nyumba ya mawe, wanakufa, na wengine wanajenga juu yake.

Mwingereza Charles Darwin alifika Tahiti mwaka 1835, akatazama Moorea toka juu ya mulima. Katika kitabu chake cha mwaka 1842 alieleza jambo hili: mulima unazama polepole ndani ya bahari, lakini korali inaendelea kupanda. Siku mulima unapotea, pete ya korali inabaki peke yake. Bora Bora iko katikati ya njia hiyo. Rangiroa imekwisha kufika: hakuna mulima tena, ni pete kubwa tu. Mutu anasimama juu ya inchi nyembamba, bahari kuu upande huu, lagoni upande ule. Pale Tiputa, maji yanapoingia na kutoka kwa nguvu, dofini wanaruka na kucheza.

Makatea: kisiwa kilichochimbwa

Sasa tufike Makatea, zaidi ya kilometa 200 kutoka Tahiti. Nayo ilikuwa pete ya korali, lakini iliinuliwa. Wenye elimu wanasema uzito wa Tahiti ulikandamiza chini ya bahari, na pembeni pakainuka, kama vile udongo laini unavyoinuka kando ya mguu unaoukanyaga. Njo maana Makatea iko na kuta za mawe zenye kufika mita 80, na ndani yake mapango yenye maji matamu.

Katika matundu ya yale mawe kulikuwa fosfati, udongo wa kutengeneza mbolea. Kompani ilianza mwaka 1908. Wafanyakazi walitoka visiwa vya jirani, Uchina, Japani na Vietnamu. Walichimba kwa mikono, wakasukuma burweti juu ya mbao nyembamba zilizopita juu ya mashimo. Kulikuwa treni, umeme na maduka, na watu karibu 3 000. Tani karibu milioni 11 zilitoka. Mwaka 1966 fosfati nzuri ilikwisha, kompani ikafunga kazi, watu wakaenda. Muji wa Vaitepaua ukaliwa na pori.

Leo wakaaji hawafiki 100. Wanaishi na nazi na kaa wakubwa wa inchi kavu. Hakuna uwanja wa ndege. Sherti upande mashua. Utaona mashini zilizokula kutu, na mashimo zaidi ya milioni moja, fasi ambayo hakuna mutu anaweza kulima ao kutembea bila njia. Lakini mgeni hafuati mashimo peke yake. Anakuja kwa ajili ya mapango, kwa njiwa wa rangi ya majani asiyepatikana fasi ingine duniani, na tangu mwaka 2019 vijana wanakuja kupanda zile kuta kwa kamba. Ni vitu ambavyo mugodi haukugusa.

Katika miaka ya 2010 kompani ingine iliomba kurudia kuchimba. Wakaaji waligawanyika: wengine walitaka kazi, wengine walisema kisiwa kimekwisha kutoa ya kutosha. Ninyi wa Kolwezi, Likasi ao Kipushi hamutacheka wala wale, wala hawa. Mutu mwenye watoto anataka kazi, na anataka pia fasi ya kuwaachia.

Korali ilijenga Makatea kwa miaka mingi isiyohesabika. Miaka 58 ilitosha kuitoboa. Basi jioni hii, muulizane nyumbani: nyuma ya miaka 50, mgeni akifika kwetu, tutamupeleka kuona nini, mbali na mashimo? Ni muto gani, ni mulima gani, ni pori gani? Kile mutakachotaja, muanze kukichunga sasa.