Kuzunguka Bujumbura kwa moto

Likizo iliyopita nilipata ruhusa ya kutoka kambini nikafika Bujumbura. Kijana mmoja mwenye moto (pikipiki, siyo moto wa jikoni!) alikubali kunitembeza. Patana bei kabla ya kupanda, na umtajie kila mahali mtakaposimama.

Tulianzia kusini, Mugere, kwenye jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi husema walikutana pale. Hapana, walikutana Ujiji, pale walipita tu. Tukarudi kwa njia ya Ruziba na Kanyosha, ziwa mkono wa kushoto, na ng'ambo yake milima ya kwetu Kongo. Hapo nilinyamaza kidogo. Ninyi mnajua kwa nini.

Kabla ya kufika katikati ya jiji kijana akazima injini. Machi 2022 serikali ilikataza pikipiki, baiskeli na bajaji kuingia huko. Basi wewe unayepeleka mgonjwa au kufuata karatasi, uweke pesa ya basi, la sivyo ni miguu. Mimi nilitembea, nikapita soko kuu la zamani lililoungua tarehe 27 Januari 2013, na mali za wafanyabiashara wengi zikaisha siku hiyo.

Nikamalizia Buyenzi. Kule fundi wa magari, muuza mandazi, watoto wanaocheza, wote ni Kiswahili tu. Mama mmoja akanielekeza: "Nyoosha hapo mwanangu, halafu ukate kulia." Ukipotea mjini, ulizia Buyenzi.