Vienna, na mtu aliyewekwa kabatini

Wengi mmeniuliza, huko Austria kuna nini cha kuona? Basi, kuna Schönbrunn, jumba la kifalme lenye vyumba 1,441. Mgeni huonyeshwa vichache tu na miguu inauma vilevile. Kuna na keki ya chokoleti, Sachertorte, ambayo kwangu mimi ni kavu mno. Hayo yote mtayaona kwenye kadi za posta.

Kilichonisimamisha mimi ni uwanja wa Josefsplatz, ndani ya Hofburg, makao ya akina Habsburg hadi 1918. Hapo ndipo ilipoishia habari ya Angelo Soliman. Alichukuliwa utumwani Afrika angali mtoto, karne ya 18. Akafika Vienna, akawa mwalimu katika nyumba ya wakuu wa Liechtenstein, akaoa, na mwaka 1783 akaingia Freemason, loji ambayo Mozart naye aliitembelea. Mtu wa watu!

Alipofariki 1796, ngozi yake ilichunwa, ikatengenezwa kama ya mnyama wa maonyesho, ikawekwa kwenye makumbusho ya kaisari. Wakamvika mkanda wa manyoya, mwalimu mzima! Binti yake, Josephine, aliomba arudishiwe baba yake amzike. Wapi! Mabaki yale yaliteketea kwa moto wa machafuko ya Oktoba 1848, hayajazikwa.

Nimeuzunguka uwanja ule mara tatu, jamani. Katikati pana sanamu ya Kaisari Joseph II juu ya farasi. Watalii wanaipiga picha, wanaondoka.