Angalia m Kabla Hujasaini

Wasee, leo ni hesabu. Usipite kwanza. Unakumbuka y = mx + c ya kidato cha pili, ile tulikuwa tunauliza mwalimu itatusaidia wapi? Mimi chuo niliacha, lakini hiyo moja haijaniacha, juu hapa Chala naiona ikipita na pikipiki kila siku.

Vijana wengi wa huku wanataka nduthi. Ukiwa na cash 180,000, unanunua, stori imeisha. Nani ako nayo? Kwa hivyo unachukua ya mkopo: unatoa 20,000, halafu 450 kila siku kwa siku 600. Binamu yangu aliletewa hiyo karatasi akafurahi. "Cuzo, hii ni rahisi, elfu ishirini tu!"

Hiyo elfu ishirini ni c, mahali mstari unaanzia. Matangazo yote yanakuonyesha c. Chenye kinakula pesa yako ni m, ile 450 inayoongezeka kila siku ikipita. Weka kwenye fomula: y = 450x + 20,000. Siku ya 100 ushalipa 65,000. Siku ya 600 ni 290,000. Hapo umelipa 110,000 juu ya bei ya cash.

Sisemi mkopo ni mbaya. Nduthi inaanza kukuingizia pesa siku ya kwanza, na hiyo ina bei yake. Shida iko kwingine: deni ni mstari ulionyooka, lakini maisha ya Taveta hayajanyooka.

Soko letu kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo kuna mikungu ya ndizi ya kubeba, kuna abiria, kuna doh. Tuseme ukitoa mafuta unabaki na 1,000. Siku zingine tano unabaki na 400. Jumla ya wiki ni 4,000. Deni la wiki ni 3,150. Gawanya mapato kwa siku saba, unapata kama 571 kwa siku, unaona uko juu ya 450, uko sawa.

Sasa ugonjwa ukulaze Jumatano moja tu. Wiki inakuwa 3,000. Hujala, hujalipa nyumba, na tayari umepungukiwa na 150. Ile m haijui ulikuwa mgonjwa. Haijui mvua imeharibu barabara. Inapanda tu 450, 450, 450. Kosa siku kadhaa, na nduthi inaweza kurudi kwa mwenyewe pamoja na jasho lako.

Binamu aliuliza kama anaweza kulipa baada ya siku za soko. Akaambiwa ni kila siku. Hakusaini. Saa hii anaendesha ya mtu kwa 300 kwa siku. Hiyo pia ni mstari, lakini c ni sufuri, na x inahesabu siku za kazi peke yake. Akilala mgonjwa, halipi. Ndiyo, pikipiki si yake. Lakini usiku analala.

Kwa hivyo simu ya mkopo, TV ya mkopo, nduthi ya mkopo, uliza maswali matatu. m ni ngapi? x inaisha lini? Na wiki yangu mbaya kabisa, si ile ya kawaida, inaweza kubeba hiyo m?

Wewe unalipa m ngapi kwa siku? Piga hesabu leo, usingoje mwisho wa mwezi.