Saladi ya Mastaa na Mboga za Kyela: Jani Lipi Linakufaa?

Leo umbea upo, ila ni umbea wa majani, kwa hiyo mliokuja kutafuta nani kaachwa na nani mnisamehe kidogo.

Kuna dada mmoja wa Bongo Movie, jina naliweka kapuni. Kila asubuhi anatupia picha ya sahani yake: majani yaliyokunjamana, mengine ya kijani, mengine yana rangi ya zambarau, juu yake nyanya ndogondogo kama gololi. Chini ya picha watu wanajaa, "dada tupe siri". Mimi sina ugomvi naye. Mwili ni wake, hela ni yake, na yuko Dar ambako saladi inashushwa sokoni kila siku kutoka milimani Lushoto na kwingineko. Anakula kinachopatikana kwake.

Shida inaanza picha ile ikifika huku kwetu Kyela.

Mama yangu mdogo ana sukari. Anaishi upande wa Ipinda, njia ya kwenda Matema. Kliniki walimwambia maneno ya kweli kabisa: mama, punguza wanga, ongeza mboga za majani. Akarudi nyumbani, binti wa jirani akamfungulia simu, akamwonyesha sahani ya yule dada. Basi ikawa ndiyo dawa. Akaanza kuagiza saladi Mbeya kwa kondakta wa kosta. Kichwa kimoja shilingi 3,000, anachukua viwili kwa wiki, na kondakta naye apewe 1,000 ya soda. Piga hesabu: elfu saba kwa wiki, elfu ishirini na nane kwa mwezi. Na hiyo saladi ikifika, majani ya nje yameshalegea kama kitambaa cha deki, anatupa nusu.

Nilipokwenda kumsalimia mwezi wa tatu nikaona mambo mawili. La kwanza, sahani yake: wali wa Kyela umepanda kama Mlima Rungwe, pembeni majani manne ya saladi. La pili, pakiti ya vidonge. Tarehe ilikuwa 27 na vilishakwisha siku nyingi. Hela ya vidonge ilikuwa imepanda kosta kwenda kufuata majani.

Nikamuuliza, "Mama, na mchicha je?"

"Aa, mchicha ni mboga tu, mwanangu. Wao wamesema majani ya dawa."

Jamani. Hapo ndipo nikasema hili jambo lazima tuliongee, maana najua mama mdogo hayuko peke yake. Tuyaweke majani mezani, moja baada ya jingine.

Tuanze na saladi zenyewe

Sokoni neno ni moja tu, saladi. Jani linaitwa saladi na chakula kikishakatwakatwa kinaitwa saladi. Ila majani yenyewe yana koo mbalimbali.

Ile ya mviringo, ngumu kama kabichi, inaitwa iceberg. Ndiyo inakaa kwenye baga. Ina mlio mtamu mdomoni, krachu krachu, na ndiyo inayovumilia safari kuliko ndugu zake. Marekani ilitajirisha wakulima wa California kwa sababu hiyo, walikuwa wanaifunga na barafu kwenye treni na kuivusha nchi nzima. Lakini asilimia 96 hivi ya iceberg ni maji. Nzuri kwa kiu, na haina madhara, ila ukiinunua ujue unanunua maji yenye umbo.

Halafu kuna romaine, yenye majani marefu yaliyosimama. Hii ina viini vya vitamini A zaidi ya mara kumi ya iceberg, na folati, ile ambayo wajawazito wanaambiwa waipate, mara nne hivi. Kuna butterhead, laini, inateleza kama imepakwa siagi, ila haifiki hata jioni bila kuchoka. Kuna hizi za kufunguka zisizofunga kichwa, za kijani na za zambarau. Ndizo za yule dada wa kapuni. Nazo ni nzuri, na ukiwa na bustani unachuma jani jani bila kung'oa mche.

Kanuni ya kuzipima ni rahisi: jani likiwa la kijani iliyokolea zaidi, kwa kawaida limebeba zaidi. Jeupe la ndani ni la kutafuna kwa raha tu.

Tusisahau roketi, lenye ukali kama haradali. Ndugu zetu walioko Oman wanalijua kama jarjiri na wanalila na samaki. Nakwambia, jani lile na mbasa wa kuchoma wa Ziwa Nyasa lingekuwa jambo zito. Na ile tunayoiita spinachi sokoni, yenye bua nene jeupe, mara nyingi si spinachi halisi. Ni ndugu yake bitiruti, jani lake linaliwa badala ya kiazi. Haina ubaya, ni tamu na inavumilia joto kuliko saladi.

Kwa nini Kyela haikai saladi

Hapa watu wanasema ardhi yetu mbaya. Ardhi inayotoa kakao, mpunga, ndizi na michikichi iwe mbaya kweli? Tatizo ni urefu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Panda Tukuyu, umeshavuka mita 1,500, unatafuta sweta. Saladi ni mtoto wa baridi. Joto likizidi, mbegu yenyewe inagoma kuota. Ikiota, mche unarefuka haraka kwenda kutoa maua, na ule utomvu wake mweupe unazidi, jani linakuwa chungu. Hata jina lake la kisayansi, Lactuca, limetokana na neno la Kilatini la maziwa, kwa sababu ya utomvu huo.

Ongeza masika yetu ya mwezi wa nne, mvua inapiga jani mpaka linalala kwenye tope. Unaweza kuotesha kidogo kivulini miezi ya baridi, wa sita na wa saba, na wapo wanaojaribu. Ila kuitegemea ndiyo iwe mboga ya mgonjwa mwaka mzima, hapana.

Cha kuchekesha ni kwamba saladi ina ndugu yake wa damu hapa hapa Tanzania. Mchunga, ule wanaoupenda watu wa Tanga na pwani, ni wa ukoo huo huo, una utomvu mweupe vilevile. Mchungu, lakini wenyewe wanaugombania. Hakuna staa aliyewahi kuupiga picha.

Sasa majani ya nyumbani

Mchicha kwanza. Gramu kwa gramu una kalsiamu na vitamini C zaidi ya mara kumi ya iceberg. Kweli, kalsiamu ya mchicha mwili hauichukui yote, na moto unapunguza vitamini C, ila hata hivyo iceberg haimfikii. Unapanda leo, baada ya wiki tatu nne unachuma. Fungu shilingi 500.

Matembele ndiyo jani la mtu mvivu, nasema kwa upendo. Unachomeka kipande cha mche, unaondoka, unarudi kuchuma. Majani ya maboga na karanga za kutwanga yaliyopikwa kwenye chungu cha Wakisi kutoka Ikombe, sijui niwaambie nini. Mnavu na mgagani una uchungu kidogo, ule uchungu ambao wazee wanasema unafungua tumbo. Kisamvu kinataka kutwangwa na kuchemshwa sana, maana kibichi kina sumu, usije ukakifanya saladi kwa kuiga mtu.

Na kuna kitu tunacho Kyela ambacho saladi nyingi za kwenye picha hazina: mawese. Viini vya vitamini A kwenye majani vinahitaji mafuta kidogo ndipo mwili uvichukue. Mtu anayekula majani makavu na limao tu kwa kuogopa kunenepa, sehemu kubwa anaipitisha hivi hivi. Kijiko kimoja cha mawese kwenye sufuria ya matembele kinafanya kazi hiyo, na mawese yenyewe yana viini hivyo hivyo. Nimesema kijiko, sio kikombe!

Kibichi au kilichopikwa?

Hapa niwe mkali kidogo. Mwambao wetu unajua kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Jani bichi linalimwa kando ya mto, linanyunyiziwa maji ya ndoo sokoni ili ling'ae, halafu wewe unalikata na kulila. Siki au limao havikuhakikishii usalama. Maji safi yanayotiririka, mikono safi, jani moja moja. Kukiwa na mlipuko, achana na vibichi kabisa, jani lipite kwenye moto.

Ila kama hamu yako ni saladi, kuna njia. Ufilipino wanachukua majani machanga ya viazi vitamu, matembele haya haya, wanayachovya kwenye maji yanayochemka dakika moja mbili, wanayakamua, wanachanganya na nyanya na kitunguu. Nimemfanyia mama mdogo, nikakamulia ndimu. Akaonja, akanyamaza, akaongeza. Halafu akasema "ndaga fijo", na mtu wa Kyela akishukuru hivyo kwa ajili ya matembele, umeshinda. Wenye kupenda mlio wa krachu krachu, kabichi ya kutoka milimani inasafiri vizuri na bei yake inaeleweka.

Turudi kwenye wali

Kwa mwenye sukari, jani lolote kati ya haya ni zuri. Kazi kubwa iko kwenye ule mlima wa Rungwe. Nusu ya sahani iwe majani, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo wali. Najua kumwambia mtu wa Kyela apunguze wali ni matusi. Mama mdogo alininunia siku mbili. Sasa hivi anachuma matembele nyuma ya nyumba, wali umeshuka, bado analalamika, na sukari bado anayo, mboga haijaiondoa. Lakini ile elfu ishirini na nane imerudi dukani kununua vidonge, na mwezi uliopita havikuruka siku hata moja.

Kwa hiyo mdau, ukimtumia mzazi wako picha ya sahani ya staa, mwongezee na maneno: mama, hata haya ya kwako hapo nyuma ni majani. Kliniki nao wakisema "mboga za majani", wataje kwa majina, mchicha, matembele, mnavu, mtu asiende kuyatafuta Mbeya.

Haya, uwanja wenu. Matema, Ngonga, Kasumulu, mnakula jani gani na mnalipikaje? Na yule dada wa kapuni kama unasoma, siku moja tupigie picha mgagani basi.